Kichwa cha Mbenga kwa Mke Mwenzangu

Kasongo, tarehe 4 Septemba 2024

Koko, bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi na Emmanuella hatujambo, isipokuwa yeye amevimba miguu kidogo na mimi nina mafua ya vumbi. Tumbo lake linaendelea vizuri. Muuguzi amesema tumtegemee mtoto katikati ya Desemba. Baba anakusalimu kutoka Wamaza. Nguruwe mwitu wameingia kwenye mihogo yake, naye amewatukana mpaka katekista akaenda kumwomba apumzike.

Ninakuandikia kwa sababu simu ya Nyangwe naijua. Ili mtu akupate, lazima upande kile kichuguu nyuma ya shule, na pale kuna foleni, na foleni ina masikio. Barua hii inaletwa na Heri wa pikipiki.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi! Mjukuu wako sasa ni ajan, yaani afisa mdogo, wa ofisi ya uvuvi hapa Kasongo. Bado niko kwenye majaribio. Nikifanya vizuri hadi mwisho wa mwaka nitapewa matrikule, ile nambari ya serikali inayomfanya mtu aitwe mtumishi kweli, si mtu wa kuzungukazunguka ofisini akishika mafaili ya wenzake.

Kazi yangu ya kwanza inahusu Nyangwe. Unajua jinsi mbenga, wale samaki wakubwa wenye meno, walivyopungua katika mto Lualaba. Wavuvi wa kazi wana sheria zao za nyavu tangu zamani. Sasa imetoka amri kwa wavuvi wa raha, yaani wale wasioishi kwa samaki, wanaoshika ndoano siku ya mapumziko ili wajiburudishe na kupigwa picha. Kila mtu anaruhusiwa mbenga mmoja kwa wiki, tena asiwe mfupi kuliko mkono wa mtu mzima. Na kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Januari, wakati wanapotaga, hakuna kuvua mbenga kwa ndoano, hata mmoja.

Shefu wangu, Bwana Célestin, aliuliza ni nani huko Nyangwe mwenye jina kubwa kwa ndoano. Jina lako lilitajwa kabla mimi sijafungua mdomo. Koko, nakuomba uwe mfano kwa wengine. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mjukuu wako,
Serge


Nyangwe, tarehe 22 Septemba 2024

Bwana wangu Serge,

Barua yako imefika na alama ya gurudumu, maana Heri alianguka nayo. Yeye ni mzima, ameumia goti tu. Huku tuko salama. Mbuzi wa Francine, yule mjane jirani yangu, amezaa mapacha na kula kitenge changu cha kanisani siku ileile. Mgongo wangu unalalamika asubuhi, jioni unanyamaza. Msalimie mke mwenzangu Emmanuella, umwambie asibebe maji. Kama wewe unaweza kubeba kazi ya serikali, ndoo haitakushinda.

Kuhusu kazi nimefurahi. Nililia kidogo. Kisha nikaisoma sehemu ya pili ya barua, machozi yakakauka yenyewe.

Kwanza, huyo mkuu. Kati yangu na Bwana Célestin mkuu ni nani? Mimi nilimbeba baba yako mgongoni huku napiga kasia. Yeye siku hiyo alikuwa wapi?

Halafu hiyo raha. Nani kakuambia naona raha? Nakaa kwenye mtumbwi jua linanipiga kichwani, nasubiri samaki mwenye meno ya kukata kamba yoyote, ndiyo maana ndoano yangu naifunga kwa waya wa breki ya baiskeli. Kama hiyo ni raha, basi kulima ni harusi. Lakini siuzi, hilo ni kweli. Katika ukoo wetu samaki wa ndoano ya mwanamke hauzwi, hupewa mtu.

Na kwa sababu hupewa mtu, hesabu yenu nimeikubali kwa moyo wote. Kila mtu mbenga mmoja kwa wiki. Mkono unaovua ni njia tu, samaki ni wa yule anayemla. Kwa hiyo Francine ana wake, kila mwanakwaya ana wake, wewe na mke wako mna wenu. Mimi mwenyewe sina haja ya samaki, nitakula dagaa. Mwambie shefu wako kwamba nimetii.

Sasa, Serge. Umeniandikia kuwa mtoto ni Desemba. Umeniandikia pia kuwa mto unafungwa Novemba mpaka Januari. Mambo hayo mawili umeyaweka mbalimbali kwenye karatasi, kama watu waliogombana. Unajua mzazi wa mtoto wa kwanza katika nyumba yetu anakula nini. Mama yako alipokuzaa wewe alikula kichwa cha mbenga niliyemvua mimi. Mimi nilipomzaa baba yako nilikula alichovua mama mkwe wangu, kimepikwa kwa mawese na pilipili, na maziwa yakaja. Kichwa hicho hakinunuliwi sokoni, wala samaki wake havuliwi na mtu mwingine. Mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayekitafuta kwa mkono wake.

Nijibu hapo. Habari za nguruwe wa Wamaza nitazisoma baadaye.

Koko yako na mke wako wa kwanza,
Marie-Jeanne


Kasongo, tarehe 15 Oktoba 2024

Koko mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa Heri kwa sababu pikipiki ilikuwa inangoja mnyororo kutoka Kindu. Sisi tuko wazima. Emmanuella anasinzia akiwa ameketi, na mimi nabeba maji, umefurahi? Majirani wameanza kuniita mama Emmanuella.

Nilimweleza shefu ile hesabu yako ya walaji. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena na kicheko kikaisha. Amri inahesabu mkono, Koko, haihesabu tumbo. Nakuomba jambo hilo usilirudie mbele ya watu, kwa sababu limekwisha kufika machimboni Lusangi. Muhindo, yule anayewauzia wachimba dhahabu betri na sabuni, amekuja ofisini kwetu na majina ya ndugu zake wote mpaka Butembo, akidai mbenga mmoja kwa kila jina. Nilipomuuliza nani kamfundisha, akasema: «Ni Koko wa Nyangwe. Ule mama iko na akili kupita avoka wa kortini.»

Koko, nasema nawe kama mtoto wako. Shefu ameniambia waziwazi kwamba mwezi wa kumi na mbili atatazama Nyangwe, na atatazama zaidi ndugu za ajan. Mtu wa familia yangu akivunja amri, matrikule imekwenda. Nitarudi Wamaza kupigana na nguruwe bega kwa bega na Baba, nikiwa na mke na mtoto mchanga.

Kuhusu lile jambo la mwisho, Emmanuella anasema yeye hana shida yoyote. Atakula kuku, atakula maharage, dunia imebadilika. Kwa hiyo usihangaike.

Mjukuu wako,
Serge

Nimesahau: Emmanuella hajaisoma barua hii. Ukimwandikia, usimuulize habari ya kichwa.


Nyangwe, tarehe 9 Novemba 2024

Bwana wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua imeanza kwa nguvu na paa la jikoni limekubali kuvuja upande mmoja tu, nashukuru. Francine anakusalimu. Mbuzi wake hamsalimu mtu.

Sasa nikueleze kazi yako ilivyopokelewa. Mjumbe wenu alikuja na meza, akakaa sokoni, akatangaza watu wajiandikishe, wavuvi wa kazi upande huu, wavuvi wa raha upande ule. Upande wa kazi watu walisukumana kama siku ya chanjo. Mwalimu mkuu ni mvuvi wa kazi. Muhindo, na ile kofia yake pana ya Jumapili, ni mvuvi wa kazi. Fabrice mshonaji, ambaye akivuka mto hushika mtumbwi kwa mikono miwili na kufumba macho, naye ni mvuvi wa kazi tangu utotoni. Wavuvi wenyewe, wale wenye nyavu, walisimama nyuma wakitazama, mmoja akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Upande wa raha nilisimama mimi.

Fabrice aliniita kwa sauti: «Koko, kuja huku! Sema tu unauzishaka samaki. Nani atajua?»

Nikamjibu: «Mungu atajua, na ye haiko mbali.»

Kwa hiyo, bwana wangu, amri yenu iliyotembea kutoka ofisi hadi ofisi ikipigwa mihuri, imefika Nyangwe ikamkuta mtu mmoja tu wa kumshika, naye ni koko yako. Hongera kwa kazi nzuri.

Nitakuambia na lingine, ila usimpe shefu wako, atajivuna. Mbenga wakubwa hawaonekani. Wanakuja wadogo tu, wa kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, nawatoa ndoano nawarudisha. Zamani tulikuwa tunachagua. Tangu Pasaka sijamwona hata mmoja wa kumwita jirani aje kutazama. Wanaume wa kofia, wavuvi wa Jumapili kama Muhindo, wameshika sana, na mimi pia nimeshika sana, siwezi kusema uongo.

Umesema mke mwenzangu hana shida. Serge, mimi nilikuwa mzazi wa kwanza kwa watu ambao sikuwajua vizuri. Wote walikuwa wema, na mimi kutwa nilikuwa naangalia mlango. Kichwa kilipofika ndipo nikajua kwamba wamenipokea. Baada ya hapo nilianza kujibu wakwe zangu bila kuinamisha macho, mpaka leo sijaacha.

Nitafanya ninachopaswa kufanya. Wewe fanya chako.

Marie-Jeanne


Kasongo, tarehe 17 Desemba 2024

Koko!

Ni msichana! Amezaliwa Jumamosi asubuhi, mzima, ana sauti ya mwinjilisti mwenye kipaza sauti. Tumemwita Nadine. Emmanuella amechoka lakini ni mzima. Nimeimba, nimelia, nimeanguka kwenye ngazi ya maternite wanapozalia, kila mtu amenipongeza. Baba amekwisha kuondoka Wamaza kwa miguu akiwa na jogoo.

Maziwa yanakuja polepole. Muuguzi anasema ni jambo la kawaida kwa mtoto wa kwanza, tumnyonyeshe tu mara kwa mara na mama apumzike. Lakini Nadine hajui maana ya kupumzika. Emmanuella, kila akisikia pikipiki barabarani, anainua kichwa na kuuliza: «Heri ashafika?» Nikimuuliza anangoja nini, ananijibu hangoji kitu.

Mimi kama ajan nakukumbusha kwamba mto umefungwa. Shefu ametuma watu huko, wengine hawavai sare. Ukikamatwa, nitalazimika kuliandika jina lako kwa mkono wangu mwenyewe. Nimesema hilo kama inavyotakiwa.

Sina la kuongeza. Heri anaondoka kesho kutwa na atarudi wiki ijayo, ikiwa mtu yeyote huko ana mzigo wowote.

Serge


Nyangwe, tarehe 28 Desemba 2024

Baba Nadine,

Nimepokea habari, nimecheza mpaka mgongo ukakasirika. Kanisani padri ametaja jina la mtoto, watu wakapiga vigelegele. Mungu amkuze.

Heri anawaletea kuku wawili, mawese, na kitenge cha kumbebea mtoto. Kuku mwekundu ni mkorofi, mchinjeni huyo kwanza.

Mengine watayasema waliokuwepo. Mimi sina neno.

Marie-Jeanne


Kasongo, tarehe 7 Januari 2025

Koko,

Heri ya mwaka mpya. Mtoto anaongezeka uzito, mama yake ni mzima wa mwili, Baba amerudi Wamaza. Kuku mwekundu amemdonoa mwenye nyumba.

Sehemu ya kwanza ya barua hii naiandika kama mtumishi wa serikali. Jana, katika mkutano, shefu alisoma ripoti kwa sauti: «Nyangwe, wavuvi wa raha wote wametii amri, hakuna hata mmoja aliyekosa.» Watu wakapiga makofi. Koko, hao wote ni wewe. Kisha akasema wale waliojiita wavuvi wa kazi watakaguliwa nyavu zao mwezi ujao, na leo asubuhi Fabrice amefika hapa akiwa amelowa mvua, anaomba arudishwe kwenye raha. Na mimi, mbele ya wote, nimepewa matrikule. Kwa niaba ya ofisi nakushukuru kwa mfano bora.

Hapo mtumishi amemaliza. Sasa anaandika mume wa Emmanuella, na amekasirika.

Muhindo alikuja nyumbani kwetu na simu yake. Akaweka video, majirani wakajazana. Tukakuona wewe kwenye mtumbwi, waya umekaza, na mbenga ambaye sijawahi kuona mfano wake anageukageuka ubavuni. Tukasikia sauti ya Muhindo: «Koko! Unafanya nini? Samaki kubwa vile unaiachia? Kasongo watakula nini?» Na wewe ukatoa ndoano kwa koleo, ukamsukuma samaki kwa mikono miwili, akaenda.

Emmanuella aliitazama mpaka mwisho. Akamrudishia Muhindo simu yake, akasema asante, akaingia ndani. Jioni akaniambia: «Koko hanipende. Aliipata, akaitupa.» Nikamweleza kuwa ni sheria. Akasema: «Sheria iko ya ofisi. Koko haogopake ofisi. Angetaka, angeleta.» Na ni kweli, huogopi ofisi. Kila mtu anajua. Tangu siku hiyo analia akidhani nimelala, na haniulizi tena habari za Heri.

Na mimi, Mungu anisamehe, nauliza vilevile. Tangu nizaliwe hujawahi kunisikiliza. Nilipokuwa mtoto nilikuomba unipe ndoano niache mpira, hukusikia. Nilikuambia ununue simu, hukusikia. Ulikuwa na miaka yote ya kunisikiliza, ukachagua siku hiyo?

Ungemleta, Koko. Ningeliandika jina lako na kupoteza kazi, na mke wangu angekula.

Serge


Nyangwe, tarehe 19 Januari 2025

Bwana wangu, mtumishi mwenye nambari,

Habari za huku utazisikia hivi karibuni, ruka hapa.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta fimbo. Mara ya pili nilifurahi, kwa sababu hatimaye umeandika kama mtoto wa nyumba hii.

Usidhani sikumtafuta. Nilikwenda mtoni kila asubuhi tangu siku ile Heri alipoleta habari ya Nadine. Nilikuwa nimekwisha kupanga kila kitu. Kichwa kingesafiri chini ya sombe, yale majani ya mihogo, Heri angeapa kwamba ni sombe tu, na wewe ungeliandika jina langu kwenye karatasi yako nami ningelitia sahihi kwa mwandiko mzuri. Amri yenu sikuiwaza hata kidogo. Emmanuella amesema kweli, mimi siogopi ofisi.

Alishika kabla jua halijawa kali. Alinivuta mpaka kwenye mawe, nikamvuta, akanivuta, Muhindo huko ukingoni anapiga kelele kama mwamuzi. Nikasema huyu ndiye, huyu ni wa mke mwenzangu. Nilikuwa naimba, hiyo kwenye video haisikiki. Nilipomfikisha ubavuni mwa mtumbwi akageuka upande, nikaona tumbo. Lilikuwa limejaa namna hii. Nikamshika ili nimpige kichwani, na mayai yakanitoka kati ya vidole, manjano, mengi, yakaenda na maji.

Mikono yangu ikakataa. Nilijiambia: Marie-Jeanne, huyu ni mkubwa wa kwanza tangu Pasaka, na ana watoto wote wa mto tumboni. Utampelekea mzazi kichwa cha mzazi mwenzake, ili aliye Kasongo anyonyeshe na aliye hapa asizae? Mzazi hamli mzazi. Sijui kama wazee waliwahi kusema hivyo. Nimesema mimi, na kwa sasa mzee ni mimi. Nikamwachia. Kisha nikakaa kwenye mtumbwi nikalia, maana nilijua mke mwenzangu ataangalia mlango na hakuna kitakachoingia. Nilishindwa kuyaandika hayo ndani ya barua ya kuku. Niliona aibu.

Usimpelekee shefu wako maneno haya. Atadhani amenishinda.

Sehemu inayofuata msomee Emmanuella kwa sauti, wala usiruke neno.

Emmanuella, mwanangu. Nakupenda. Neno hilo sikuwahi kumwandikia hata babu yake Serge, naye aliliomba. Samaki yule alikuwa wako tangu aliposhika ndoano mpaka nilipomwachia, hakuwa wa mtu mwingine hata dakika moja. Maziwa yanakuja kwa kula, kunywa na kulala. Kula unakula, kunywa unakunywa. Kulala ndiko unakokosa, nimeona macho yako kwenye picha ambayo Heri alinionyesha.

Najua mkono mtupu haulambwi. Lakini nimefikiri hivi. Kichwa cha mbenga kingeliwa siku moja, paka angebeba mifupa, na kesho yake mtoto angelia tena na wewe ungekuwa peke yako. Mimi nimekwisha kumkabidhi Francine nyumba yangu na kasia langu. Heri akiisha kuleta barua hii na kurudi, Jumatatu tarehe 27 napanda nyuma yake, mimi ambaye sijawahi kukaa kwenye kitu chenye injini, na nimemwambia akianguka nami nitamchapa kabla sijafa. Nitamwogesha Nadine, nitambeba usiku akilia, nitakukanda mgongo kwa maji ya moto, na nitakaa mpaka mtoto aote meno.

Serge, nyumba yenu ina kitanda kimoja, najua. Mke mwenzangu atalala upande wa ukutani na mtoto, mimi nitalala upande wa mlangoni. Wewe tafuta mkeka.

Marie-Jeanne